Athari za Spoila ya Nyuma katika Ukinzani wa Hewa kwa Magari ya Miaka Mingi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mazingira ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna spoila ya nyuma inavyoathiri ukinzani wa hewa katika magari ya kawaida yaliyotengenezwa miaka mingi iliyopita, kwa kuzingatia mazingira ya Bariadi mkoani Simiyu. Hoja kuu ni kwamba spoila haina athari moja kwa magari yote. Inaweza kupunguza ukinzani, kuuongeza au kuuacha ulivyo, kutegemea umbo la nyuma la gari, mahali inapofungwa na mwendokasi wa safari. Kwa kutumia kanuni ya msingi ya ukinzani wa hewa, makala yanaonesha kwamba hata spoila inayofanya kazi vizuri huokoa kiasi cha petroli ambacho dereva hawezi kukitambua katika safari ya Bariadi hadi Lamadi, ilhali mzigo wa juu ya keria, upepo wa tairi na mwendokasi vina athari kubwa zaidi. Mwisho, makala yanapendekeza utaratibu wa kupima athari hiyo kwa vifaa vinavyopatikana mkoani.

1.0 Utangulizi

Mji wa Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Barabara ya lami inauunganisha mji huo na Lamadi, umbali wa takriban kilometa 72, ambako inakutana na barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Kwa upande wa kusini, barabara hupita Maswa na kufika Mwigumbi, umbali wa takriban kilometa 100, na hapo kuungana na barabara ya Shinyanga–Mwanza. Kabla ya lami, mwendo wa magari katika njia hizi ulidhibitiwa na mashimo, vumbi na makorongo, hivyo ukinzani wa hewa haukuwa jambo la kumshughulisha mwenye gari. Lami imebadilisha hali hiyo. Gari linaloweza kudumu katika mwendo wa kilometa 80 au 100 kwa saa hukabiliana na hewa kwa namna ambayo gari la barabara ya vumbi halikukabiliana nayo.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotumika katika njia hizo yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Miongoni mwake ni Toyota Corolla za miaka ya 1990, Toyota Probox na Toyota IST ambazo zote mbili zilianza kutengenezwa mwaka 2002, pamoja na Spacio na Noah. Baadhi yake hubeba abiria na hufahamika Kanda ya Ziwa kwa jina la michomoko. Katika makala haya, magari ya aina hiyo ndiyo yanayoitwa magari ya miaka mingi.

Mengi ya magari hayo yana spoila. Nyingine zilifungwa kiwandani, nyingine zimetengenezwa kwa faiba au bati na kufungwa gereji. Madai mawili huambatana nazo: kwamba hupunguza matumizi ya mafuta na kwamba hulifanya gari lishike barabara. Dai la kwanza linagusa kipato cha dereva ambaye bei ya petroli yake hubadilika kila mwezi kwa tangazo la EWURA. Dai la pili linagusa uhai wa abiria, kwa kuwa dereva anayeamini kwamba gari lake limekazwa chini na spoila anaweza kuongeza mwendo kwa kutegemea ulinzi ambao haupo. Kwa sababu hiyo, madai yote mawili yanastahili kuchunguzwa kwa hesabu.

2.0 Misingi ya Ukinzani wa Hewa

Kani ya ukinzani wa hewa dhidi ya gari hutokana na mambo manne: densiti ya hewa, ukubwa wa gari linapotazamwa kwa mbele, umbo lake, na mwendokasi wake ukilinganishwa na hewa. Uhusiano huo huandikwa hivi:

F = ½ × ρ × Cd × A × v²

Katika kanuni hiyo, ρ ni densiti ya hewa, Cd ni kigezo cha umbo, A ni eneo la mbele na v ni mwendokasi. Alama ya kipeo cha pili juu ya v ndiyo yenye uzito mkubwa katika mjadala huu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne.

Densiti ya hewa hupungua kadiri mahali panavyokuwa juu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Kwa mwinuko wa mita 1,200 na jotoridi la nyuzi 25 za Selsiasi, densiti ya hewa ni takriban kilogramu 1.03 kwa meta ya ujazo. Katika mwambao wa Dar es Salaam, kwa nyuzi 30, densiti hiyo ni takriban 1.16. Maana yake ni kwamba gari lilelile, kwa mwendo uleule, hukutana na ukinzani pungufu kwa takriban asilimia 11 likiwa Bariadi. Manufaa yoyote ya spoila nayo hupungua kwa kiwango hichohicho.

Kigezo cha umbo ndicho ambacho spoila inaweza kukibadilisha. Katika gari dogo, sehemu kubwa ya ukinzani haitokani na hewa kusugua bati. Hutokana na tofauti ya kanieneo kati ya mbele na nyuma ya gari. Hewa inayopita juu ya paa hufika mahali ambapo haiwezi tena kufuata umbo la gari, ikabanduka na kuacha nyuma yake eneo lenye vurugu na kanieneo dogo, ambalo makala haya yanaliita mkia wa hewa. Mkia huo hulivuta gari nyuma. Kwa hiyo, mbele ya gari panaweza kuchongwa vizuri, lakini hesabu ya ukinzani huamuliwa zaidi na kinachotokea nyuma.

Jambo hilo lilianza kueleweka mapema. Katika miaka ya 1930, Wunibald Kamm, mtafiti wa Stuttgart nchini Ujerumani, alihusishwa na hoja kwamba si lazima gari liwe na mkia mrefu uliochongoka ili lipasue hewa vizuri. Mkia huo unaweza kukatwa wima mahali panapofaa, na hewa ikaachana na gari katika ukingo ulio wazi. Spoila ya leo inategemea wazo hilohilo la kuamua mahali ambapo hewa itabanduka.

3.0 Umbo la Nyuma na Aina za Spoila

Neno spoila linatokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuharibu. Kinachoharibiwa ni mtiririko wa hewa unaosababisha kani ya kuinua. Kiini cha jina hilo kinafaa kukumbukwa, kwa sababu kinaonesha kwamba kusudi la awali la kifaa hiki halikuwa kuokoa mafuta. Katika mashindano ya magari, Ferrari ilianza kutumia ukingo mfupi wa nyuma mwaka 1961, na wazo hilo huhusishwa na dereva wake Richie Ginther. Lengo lilikuwa gari litulie katika mwendo mkubwa.

Umuhimu wa umbo la nyuma ulidhihirika wakati wa uundaji wa Volkswagen Golf ya kwanza, iliyotoka mwaka 1974. Wolf-Heinrich Hucho na wenzake walibaini kwamba mwinamo wa kioo cha nyuma ukikaribia nyuzi 30, mtiririko wa hewa hubadilika ghafla. Mwaka 1984, Ahmed, Ramm na Faltin walilithibitisha jambo hilo kwa kutumia umbo sahili la mfano wa gari. Kigezo cha umbo kilipanda hadi karibu 0.38 mwinamo ulipofika nyuzi 30, kisha kikashuka hadi karibu 0.26 mara tu hewa ilipobanduka kabisa. Mabadiliko madogo ya pembe yalitosha kuleta tofauti kubwa. Matokeo hayo yanatoa msingi wa kuyagawa magari ya Bariadi katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni magari yenye buti linalojitokeza, mfano Corolla ya miaka ya 1990. Hewa hushuka kwenye kioo cha nyuma, kisha hupita juu ya buti. Ukingo mfupi mwishoni mwa buti huizuia kidogo hewa hiyo, na kanieneo juu ya buti na kioo huongezeka. Ongezeko hilo hupunguza kuinuliwa kwa nyuma ya gari, na ukingo ukiwa na kimo kinachofaa hupunguza pia ukinzani. Ukingo ukizidi kimo hicho, ukinzani huanza kupanda tena. Kwa hiyo, ukubwa wa spoila hauna uhusiano wa moja kwa moja na ubora wake.

Kundi la pili ni magari yenye nyuma iliyokatwa karibu wima, mfano Probox, Noah na Hiace. Hapa hewa hubanduka mwishoni mwa paa, iwe kuna spoila au hakuna. Spoila ya paa inayoendeleza mstari wa paa na kushuka kidogo inaweza kuupunguza upana wa mkia wa hewa na kuupa ukingo safi wa kubandukia. Aina nyingine ni ubao unaoelekeza hewa chini juu ya kioo ili kukifagia vumbi. Faida yake ni kioo safi katika barabara za vumbi, na gharama yake kwa kawaida ni ukinzani zaidi.

Kundi la tatu ni magari yenye mgongo unaoteremka, mfano Volkswagen ya kale yenye injini nyuma. Hewa hushikamana na mgongo huo na kuvutwa chini, nayo huzaa mizunguko miwili mikubwa katika kingo za nyuma. Katika umbo hilo spoila huweza kuwa na athari kubwa kuliko katika makundi mengine, kwa sababu huivunja tabia ya hewa kushikamana. IST huwa katikati ya kundi la pili na la tatu, hivyo matokeo yake hayawezi kutabiriwa kwa kuangalia tu.

Iko aina ya nne ya kifaa ambayo haipaswi kuchanganywa na spoila, nayo ni bawa lililosimamishwa juu ya buti kwa miguu miwili. Bawa hufanya kazi kwa kusukumwa chini na hewa, na msukumo huo hulipiwa kwa ukinzani. Likifungwa chini ya kivuli cha paa, halipati hewa safi, hivyo linabaki na uzito na ukinzani bila msukumo wa maana. Mabawa mengi yanayofungwa gereji kwa ajili ya mapambo huangukia katika hali hiyo.

4.0 Hesabu ya Safari ya Bariadi–Lamadi

Ili kupata kipimo cha jambo linalojadiliwa, tuchukuliwe mfano wa gari dogo la kundi la kwanza lenye uzito wa kilogramu 1,300 pamoja na abiria, kigezo cha umbo cha 0.33 na eneo la mbele la meta 1.95 za mraba. Kigezo cha ukinzani wa tairi kichukuliwe kuwa 0.012. Spoila ichukuliwe kuwa imefungwa ipasavyo na inapunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 5. Kadirio hilo limewekwa kwa makusudi liwe la kuipendelea spoila. Matokeo, kwa nyutoni, ni haya:

| Mwendo (km/saa) | Ukinzani wa hewa | Ukinzani wa tairi | Punguzo la spoila |
|---|---|---|---|
| 50 | 64 | 153 | 3 |
| 80 | 163 | 153 | 8 |
| 100 | 254 | 153 | 13 |
| 120 | 366 | 153 | 18 |

Jedwali linaonesha mambo matatu. Kwanza, katika kilometa 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, tairi ndizo zinazolikinza gari zaidi, na spoila hupunguza jumla ya ukinzani kwa asilimia 1.5 tu. Pili, ni karibu na kilometa 80 kwa saa ambapo hewa huanza kuzishinda tairi. Tatu, hata katika kilometa 120 punguzo la spoila halizidi asilimia 3.5 ya jumla.

Kwa safari ya kilometa 72 katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, nyutoni 8 ni sawa na nishati ya takriban kilojuli 590. Ikichukuliwa kwamba injini ya petroli hugeuza takriban asilimia 22 ya nishati ya mafuta kuwa kazi ya kusukuma gari, lita moja hutoa takriban megajuli 7. Kwa hiyo, spoila nzuri huokoa takriban mililita 84, chini ya moja ya kumi ya lita, kwa safari nzima ya Bariadi hadi Lamadi. Safari yote kwa hesabu hiyo hutumia zaidi ya lita tatu.

Linganisha na mambo mengine yaliyo mikononi mwa dereva. Mzigo wa juu ya keria wenye upana wa meta moja na kimo cha sentimeta 30 hukabili hewa kwa eneo la meta 0.3 za mraba. Kwa umbo lake la pembe kali, huongeza takriban nyutoni 76 katika kilometa 80 kwa saa, yaani zaidi ya mara tisa ya kile ambacho spoila imepunguza. Tairi zilizopungua upepo hadi kigezo chake kikapanda kutoka 0.012 hadi 0.014 huongeza takriban nyutoni 25, mara tatu ya punguzo hilo. Kushusha mwendo kutoka kilometa 100 hadi 90 kwa saa hupunguza nyutoni 48. Upepo wa mbele wa kilometa 20 kwa saa nao hulifanya gari la kilometa 80 kukabiliwa na hewa sawa na gari la kilometa 100.

Upande wa hasara pia unapimika. Punguzo la asilimia 5 katika gari la mfano ni sawa na kuondoa kizuizi chenye eneo la takriban meta 0.032 za mraba kinachoelekea upepo, yaani nusu ya karatasi ya A4. Miguu ya bawa, skrubu zilizojitokeza na ubao uliosimama wima huweza kuzidi eneo hilo kwa urahisi. Gari lililofungiwa kifaa cha namna hiyo kwa nia ya kuokoa mafuta huweza kutumia mafuta zaidi kuliko lilivyokuwa.

5.0 Dai la Kushika Barabara

Hewa inayopita juu ya gari huliinua kidogo, hasa nyuma. Tuchukue kigezo cha kuinuliwa kwa nyuma cha 0.15, ambacho si kigeni kwa magari ya zamani. Katika kilometa 80 kwa saa, gari la mfano huinuliwa kwa takriban nyutoni 74, sawa na uzito wa kilogramu saba na nusu. Hata spoila ikiondoa kuinuliwa kote, inarejesha barabarani uzito usiofika nusu ya debe la mahindi. Katika kilometa 180 kwa saa, kiasi hicho hufikia karibu kilogramu 38, na hapo ndipo spoila hupata sababu ya kuwepo.

Mfano unaofahamika ni Audi TT ya kwanza. Baada ya ajali zilizotokea katika mwendo mkubwa kwenye barabara kuu za Ujerumani, mwaka 1999 kampuni ilianza kuyarudisha magari hayo ili yafungiwe spoila ya nyuma pamoja na mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti utulivu, na kurekebishwa mfumo wa springi na shokomzoba. Tukio hilo hutajwa wakati mwingine kuwa uthibitisho wa nguvu ya spoila. Likisomwa kikamilifu, linaonesha kwamba spoila ilikuwa sehemu moja tu ya marekebisho, na kwamba tatizo lilihusu mwendo ambao haustahili katika barabara yenye baiskeli, ng'ombe na watembea kwa miguu. Katika njia za Bariadi, kushika barabara hutegemea tairi, breki, shokomzoba na idadi ya abiria kabla ya kutegemea hewa.

6.0 Namna ya Kupima

Hesabu zilizotangulia zinaeleza pia kwa nini madai ya spoila hudumu. Dereva hupima mafuta kwa kujaza tangi, na tofauti ya mililita 84 hufichwa na namna pampu inavyokata, foleni na mzigo wa siku hiyo. Anayetarajia nafuu huiona, na asiyeitarajia haioni. Inahitajika njia ya kupima isiyotegemea hisia.

Njia ya kwanza ni ya kuona. Vipande vifupi vya uzi wa pamba, zao kuu la biashara mkoani Simiyu, hubandikwa kwa safu kwenye kioo cha nyuma, buti na mwisho wa paa. Gari jingine hufuata kwa umbali salama likipiga picha za video. Uzi uliolala ukielekea nyuma huonesha hewa iliyoshikamana. Uzi unaopepea ovyo au kugeukia mbele huonesha hewa iliyobanduka. Kwa njia hiyo hujulikana kama spoila imefungwa mahali ambapo hewa inapita.

Njia ya pili ni kuliachia gari lijiendee lenyewe gia ikiwa huru, na kupima muda linaotumia kushuka kutoka kilometa 80 hadi 60 kwa saa. Kwa gari la mfano, muda huo ni takriban sekunde 26.0 bila spoila na sekunde 26.6 likiwa na spoila. Tofauti ni sita ya kumi ya sekunde. Mteremko wa meta moja kwa kilometa, ambao jicho haliwezi kuuona, huleta kani ya takriban nyutoni 13, mara mbili ya athari inayotafutwa. Kwa hiyo jaribio lazima lifanyike pande zote mbili za kipande kilekile cha barabara, alfajiri ambapo hewa imetulia, kwa tairi zilizopashwa moto na kupimwa upepo, likirudiwa mara nyingi huku spoila ikifungwa na kufunguliwa kwa zamu. Kibali cha mamlaka za barabara na usimamizi wa polisi ni masharti ya awali. Jaribio lililofanywa mara moja, upande mmoja, halithibitishi lolote.

7.0 Hitimisho

Spoila ya nyuma ni kifaa chenye kazi halisi, lakini kazi hiyo hutegemea umbo la gari na mwendo. Kwa magari ya miaka mingi yanayotumika Bariadi, spoila ndogo ya kiwandani haina sababu ya kuondolewa, kwa kuwa ilibuniwa pamoja na umbo la gari. Spoila au bawa la kubuni gereji halina msingi wa kununuliwa kwa lengo la kuokoa mafuta, na ni hatari kulitegemea kwa lengo la kuongeza mwendo. Mwenye gari mwenye fedha kidogo ya kutumia atapata nafuu zaidi kwa kuondoa keria isiyo na mzigo, kujaza upepo wa tairi na kupunguza mwendo. Utafiti unaofuata unapaswa kupima kila umbo peke yake, hasa Probox na IST, kwa kuwa matokeo ya gari moja hayawezi kuhamishiwa gari jingine bila kipimo.